Mtu Mmoja Ana Thamani Gani? Somo la Siku za Krismasi



Siku za Majilio zinapoelekea kwisha, kila nyumba huwa na hesabu zake: nguo za watoto, mchele na nyama, nauli ya kwenda kuwaona wazazi, na nyuma ya hayo yote ada za shule zinazongoja mwezi wa Januari. Katika siku hizo hizo wako watu wengi, hasa huko Marekani, ambao kila mwaka huketi pamoja na jamaa zao kutazama filamu moja ile ile, ingawa wanaijua tangu mwanzo hata mwisho. Jina lake ni It's a Wonderful Life, yaani kama kusema kwamba maisha ni kitu cha ajabu na kizuri. Mwezi huu tumeifanya filamu hiyo kuwa somo letu, ili vikundi vya vijana, akina mama na akina baba viweze kuitazama na kuizungumza.

Wengi huiita filamu ya furaha. Si uongo, lakini si kweli yote. Sehemu kubwa ya habari yake ni huzuni ya mtu aliyekosa karibu kila alichokitamani, na mwisho wake haumrudishii alichokosa. Utamu na uchungu vimo katika kikombe kimoja. Sisi twasema kwamba asiyeuonja uchungu wake hawezi kuelewa utamu wake, na ya kuwa hiyo ndiyo sababu inafaa kutazamwa tena na tena.

1. Jinsi ilivyopatikana

Asili yake ni hadithi fupi ya Mmarekani mmoja, Philip Van Doren Stern. Hakupata mtu wa kuichapisha, basi mwaka 1943 alipiga chapa nakala 200 kwa gharama yake, akawapelekea rafiki zake kama kadi ya Krismasi. Baadaye hadithi hiyo ilifika mikononi mwa Frank Capra, mwongozaji wa filamu, aliyezaliwa kisiwani Sicily mwaka 1897 na kuhamia Marekani na wazazi wake akiwa mtoto. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Capra alikuwa jeshini akitengeneza filamu za kuwafundisha askari. James Stewart, aliyeigiza mtu mkuu wa habari hii, alikuwa rubani wa ndege za mabomu katika vita hiyo, na hii ndiyo filamu yake ya kwanza baada ya kurudi. Basi walioitengeneza walikuwa watu waliotoka vitani, na wengi walioitazama mwanzoni walikuwa wakingali na msiba.

Ilionyeshwa mara ya kwanza mjini New York tarehe 20 Desemba 1946. Ilipendekezwa kwa tuzo 5 za Oscar, isipate hata moja kati ya hizo, wala mapato yake hayakuwaridhisha wenyewe. Kisha, mwaka 1974, haki ya kuimiliki haikuandikishwa upya kama sheria ilivyotaka, na vituo vya televisheni vikapata nafasi ya kuionyesha kila Krismasi bila gharama kubwa. Hapo ndipo watu walipoipenda. Kwa hiyo filamu inayomhusu mtu aliyejiona hana maana, nayo yenyewe ilikaa karibu miaka thelathini bila kuthaminiwa sana.

2. Habari yake kwa ufupi

George Bailey ni kijana wa mji mdogo wa kubuniwa uitwao Bedford Falls. Tangu utoto anatamani kuuacha mji huo, kuzunguka dunia, kusoma, na kujenga madaraja na majumba makubwa. Lakini kila anaposhika mzigo wa safari, linatokea jambo la kumzuia. Akiwa na miaka 12 anajitosa katika maji ya barafu kumwokoa mdogo wake, Harry, na tangu hapo sikio lake la kushoto halisikii. Baba yake anapofariki, inambidi kukishika chama cha kuweka na kukopa ambacho baba alikisimamia, la sivyo kitavunjwa. Fedha alizoweka kwa ajili ya masomo anampa Harry akasome, kwa mapatano kwamba akirudi atashika kazi nyumbani. Harry anarudi akiwa na mke, na baba mkwe aliyekwisha kumwahidi kazi kwingine. George anabaki.

Siku ya arusi yake na Mary, watu wanafurika mbele ya chama kudai akiba zao, maana uchumi umeanguka na wanaogopa. George anawaeleza kwamba fedha zao hazimo sandukuni: zimo katika nyumba ya jirani huyu na ya jirani yule, zilizojengwa kwa mikopo ya akiba zao. Ye yote aliyemo katika chama cha namna hiyo leo atayaelewa maneno hayo upesi. Kisha Mary anazitoa dola 2,000 walizoziweka kwa safari yao ya arusi, na kila mtu anapewa kiasi cha kumfikisha mbele. Mmoja anadai akiba yake yote. Mama mmoja anaomba dola 17 na senti 50 tu, maana ndizo zinazomtosha. Jioni zinabaki dola 2, na chama kimepona.

Adui wa chama hicho ni Bwana Potter, tajiri mwenye benki na nyumba za kupangisha, ambaye hapendi maskini wapate nyumba zao wenyewe. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1945, Billy, baba mdogo wake George, anakwenda benki na dola 8,000 za chama. Kwa kusahau anaziacha ndani ya gazeti analomkabidhi Potter. Potter anaziona, ananyamaza, anazificha. Siku hiyo hiyo mkaguzi wa hesabu amefika. Mbele ya George kuna aibu na gereza.

Anakwenda kwa Potter kuomba mkopo, na dhamana aliyo nayo ni bima ya maisha yake. Potter anamcheka, akimwonyesha kwamba kwa hesabu hiyo akifa atakuwa na faida kuliko akiwa hai. George anaondoka na neno hilo kifuani, anakwenda hata darajani ili ajitupe mtoni. Lakini kabla hajajitupa, mzee mmoja anatumbukia mbele yake. George anamrukia kumwokoa. Mzee huyo ni Clarence, malaika aliyetumwa kwake, ambaye bado hajapata mabawa. Alijua kwamba George hawezi kumwacha mtu azame.

George anasema ingekuwa heri asingalizaliwa. Clarence anamwonyesha mji usio na George Bailey. Ndugu yake Harry yumo kaburini tangu utoto, kwa kuwa hakuwako wa kumtoa katika barafu. Na askari ambao Harry aliwaokoa vitani nao wamekufa, kwa kuwa Harry hakuwako. Mzee Gower, mwenye duka la dawa, alifungwa miaka mingi kwa kumwua mgonjwa kwa dawa ya sumu, maana George mdogo hakuwako kuligundua kosa lake siku ile alipochanganyikiwa kwa kufiwa na mwana. Pale palipokuwa na nyumba za wanachama pamekuwa makaburi. Mama yake mwenyewe hamjui.

George anarudi darajani akilia, akiomba aishi tena. Anaishi. Anakimbia nyumbani, na watu wa mji wanakuja mmoja mmoja na fedha zao kulipa pengo lile.

3. Mizani mbili

Katika filamu hii mna mizani mbili za kumpimia mtu. Ya kwanza ni ya Potter. Ukiweka juu yake mshahara, akiba na bima, George anaonekana mwepesi: amefanya kazi miaka mingi, hana kitu, tena amekaribia kufungwa. Na tuseme kweli, Potter hakukosea katika kuhesabu. Kosa lake ni kudhani kwamba hapana mizani nyingine.

Ya pili ni ile ya mji usio na George. Clarence hamwambii George kwamba yeye ni mtu mkuu. Hamtajii hata sifa moja. Anaondoa tu mtu mmoja, kisha anamwacha aone yatakayotokea. Wazee wetu walisema kwamba mtu ni watu, na hapa neno hilo limewekwa wazi mbele ya macho: ukimtoa mmoja, wanaanguka wengi, na baadhi yao ni watu asiowajua, kama wale askari wa mbali.

Tutazame pia matendo yaliyomfanya George kuwa mzito katika mizani hii. Mengi yake ni kazi za kila siku: kukataa kuipeleka dawa yenye sumu, kukaa ofisini asikotaka kukaa, kumwamini jirani kwa mkopo wa nyumba. Siku ile alipoyafanya hakuna aliyempigia makofi. Mzee Gower alimpiga sikio bovu kabla ya kutambua kwamba kijana amemwokoa.

4. Uchungu ambao haukufutwa

Hapa ndipo watu wengi husahau. Mwisho wa filamu, George hajasafiri. Hajasoma chuoni, hajajenga daraja hata moja. Sikio lake halisikii. Nyumba yake ni ile ile kuukuu, na kesho yake atarudi katika ofisi ile ile. Tena dola 8,000 hazikuonekana. Potter anazo, hakugunduliwa wala kushitakiwa.

Pengine msomaji atasema hiyo ni dosari, kwamba mwovu ilimpasa kuadhibiwa. Sisi twaona ni uaminifu. Wangapi kati yetu wameonewa, na aliyewaonea angali akitembea barabarani na kusalimiwa kwa heshima? Wangapi waliacha masomo ili wadogo zao wasome, na nafasi ile haikurudi? Filamu ambayo ingerudisha kila kitu ingewafariji kwa dakika chache tu, kisha ingewaacha wakijiuliza mbona kwao haikuwa hivyo. Hii haiwadanganyi. Inawaambia kwamba hasara yao ni hasara kweli, na kwamba hasara siyo hesabu yote.

Kwa sababu hiyo tunawaonya wanaotafuta nakala. Miaka ya karibuni imetokea nakala iliyofupishwa, ambayo imeondoa sehemu yote ya mji usio na George. Asiitazame mtu. Ni kama kumpeleka mgonjwa nyumbani bila kumtibu, kisha kumwimbia nyimbo za kupona. Filamu kamili huchukua zaidi ya saa mbili.

5. Furaha iliyotangulia fedha

Jambo hili lataka macho. George anapopewa uhai tena, anakimbia katika theluji akiwasalimu watu, na hata majengo ya mji anayapigia kelele za furaha. Anamtakia heri hata Potter. Anafika nyumbani anawakuta watu wa serikali wakimngoja na hati ya kumkamata, naye anafurahi kuwaona! Wakati huo hajui habari ya msaada wo wote. Deni lipo, gereza lipo.

Basi furaha yake haikuletwa na fedha. Fedha zilikuja baadaye. Kwanza alipata macho. Ngazi ya nyumba yake ina kichwa cha nguzo kilicholegea, kinachong'oka mkononi kila anapokishika. Jioni ile ya hasira karibu akitupe. Usiku ule ule kinang'oka tena, naye anakibusu. Kitu hakikutengenezwa, aliyebadilika ni mwenye nyumba.

Mfukoni mwake mna petali za waridi ambazo binti yake mdogo, Zuzu, alimpa azitengeneze. Katika mji usio na George hazikuwamo. Anapozigusa tena, ndipo anajua yu hai. Alipopewa jioni zilikuwa takataka, na usiku zikawa ushahidi wa uhai.

6. Mke aliyefungua kinywa

George aliomba, akiwa katika baa, kwa maneno machache ya mtu asiyezoea kuomba. Mara baada ya sala hiyo akapigwa ngumi na mtu aliyekuwa na kisa naye. Alidhani hilo ndilo jibu. Kumbe jibu lilikuwa limekwisha kuanza njia nyingine. Mary alimwona mumewe alivyorudi nyumbani akifoka na kuwaliza watoto, akajua pana jambo. Alipolifahamu hakulificha kwa aibu. Alitoka usiku akawaambia watu kwamba George ana shida. Watu hawakuuliza maswali. Haba na haba ikajaza kibaba.

Tulitafakari jambo hili, hasa sisi wanaume. George alikuwa na mke mwenye busara na mji mzima wenye kumpenda, lakini karibu afe kwa sababu hakufungua kinywa kwao. Kwa Potter alifungua kinywa; kwa Mary hakufungua. Aibu ilimpeleka kwa mtu asiyempenda, ikampitisha mbali na wale wanaompenda.

Nasi hatuna budi kusema wazi. Siku za sikukuu ni nzito kwa wengine. Mwenye deni huliona deni kubwa zaidi watoto wa jirani wakivaa nguo mpya. Kama yuko asomaye ukurasa huu ambaye moyo wake umemwambia kwamba jamaa yake ingepona kama yeye asingekuwako, tunamwambia kwamba hesabu hiyo ni ya Potter. Asikae nayo peke yake hata usiku mmoja. Amwendee mke au mume wake, jirani, mzee wa kanisa, padre au daktari, aliseme neno lenyewe kama lilivyo. Na wewe utakayeendewa, usicheke wala usihubiri upesi. Keti naye.

7. Kwa nini kila mwaka

Filamu inaanza kwa sauti za watu wakimwombea George usiku wa mkesha. Atazamaye mara ya kwanza hajui ni sauti za nani. Mwaka wa pili anazitambua: huyu ni mzee Gower, huyu ni Martini aliyepata nyumba, huyu ni mama yake, huyu ni Mary, hawa ni watoto. Ndipo anagundua kwamba watu walimwombea George, na wa mbinguni walisikia, kabla mtazamaji hajamwona.

Tena, filamu haibadiliki, ila sisi hubadilika. Kijana huitazama kwa hamu ya safari, na kumwonea George huruma. Mzazi huiona jioni ile ya kufoka, akajikuta ndani yake. Mzee huzihesabu nyuso zinazoingia mlangoni mwishoni, akakumbuka nyuso zake mwenyewe. Aliyefiwa mwaka huu atalitazama kaburi la Harry kwa namna ambayo hakulitazama mwaka jana.

Jambo moja la kutahadhari. Kanisa halifundishi kwamba mtu akifa huwa malaika, wala kwamba malaika hupandishwa cheo kwa mabawa. Clarence ni njia ya kusimulia, tumchukue hivyo. Pia filamu inamwonyesha Mary asiyeolewa, mfanyakazi wa maktaba, kana kwamba hiyo ni hali ya kusikitisha mno. Dada zetu wasioolewa, ambao bila wao mashule, hospitali na kwaya zetu nyingi zisingesimama, watujulishe kama wanakubali!

Maswali ya kujadiliana

1. George angefanyaje tofauti alasiri ile alipopata habari ya fedha kupotea? Ni nini kilichomzuia?

2. Je, tunaridhika kwamba Potter hakuadhibiwa? Kila mmoja aeleze sababu yake.

3. Kumbuka mama aliyeomba dola 17 na senti 50. Katika vyama vyetu vya kuweka na kukopa, wakati wa hofu tunafanana naye, au na yule aliyedai zote?

4. Taja mtu mmoja ambaye asingekuwako, maisha yako yasingekuwa yalivyo. Je, umewahi kumwambia?

Swali hili la nne lisiishie katika kikundi. Kama mtu huyo yu hai, mwendee au mpelekee salamu kabla ya mwaka kwisha. Huenda mwaka huu na yeye amepimwa na Potter, akaonekana mwepesi, na hakuna aliyemwonyesha mizani ile nyingine.

Tunawatakia nyote Krismasi yenye amani.